Hati ya Zawadi ya Mama Mdogo

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu wa kuhesabu mara tatu. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikituma ujumbe nausoma tena baada ya kuutuma, wakati hauna msaada. Kama huu ni ugonjwa, basi ndio ulionipa kazi. Kwa miaka minne nilikaa kwenye stesheneri moja Mchafukoge, chumba chembamba chenye printa mbili, mashine ya fotokopi na feni inayokohoa, nikiwajazia watu fomu za mtandaoni. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kukosea fomu zangu mwenyewe, halafu kwa kusoma yale maelekezo marefu ambayo wenzangu huyaruka. Wateja walitoka hadi Magomeni kunifuata. "Yule kijana mwenye wasiwasi yupo?" ndivyo walivyoniulizia, na bosi wangu hakuuliza ni yupi.

Kwa hiyo nilipoamua kuomba kuhamia Kanada sikutafuta mtu wa kunisaidia. Nilijiambia kwamba aliyejaza fomu za nusu ya Kariakoo hawezi kushindwa na yake. Na kweli, kila kitu kilikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye kipengele cha fedha.

Mhamiaji mpya anatakiwa aonyeshe kwamba akishuka kwenye ndege ana hela za kumtosha miezi ya mwanzo, kabla hajapata kazi. Hela hizo ziwe zake, ziwe benki, na ziwe zimekaa hapo miezi sita bila kuyumba. Mimi nilikuwa nazo. Miaka yote minne nilikuwa naziweka, na miezi sita ile niliilinda akaunti kama mtu anavyolinda mayai ndani ya gunia.

Ubaya wa hela za kuonyesha ni kwamba unazo na huna. Taarifa ya benki inasema wewe ni tajiri, na mihogo ya mchana inasema vingine. Viatu vyangu vya kazini vilikuwa na tundu, nikaziba kwa kadi ya mwaliko wa harusi ambayo sikuichangia. Mara moja tu nilitoa elfu kumi, jino lilikuwa linanitoa machozi mbele ya wateja. Siku ya tatu nikairudisha ile elfu kumi, pamoja na elfu moja ya kuomba radhi. Sijui nilikuwa namwomba nani.

Kisha, nikiwa nimebakiza siku kumi na tisa za kuwasilisha nyaraka, nikafungua tovuti kuangalia kiwango kinachotakiwa. Nilikuwa nakiangalia kila asubuhi kabla ya chai. Asubuhi hiyo kilikuwa kimepanda. Nilijua huwa kinapanda kila mwaka na nilikuwa nimeweka cha ziada kwa ajili hiyo, ila shilingi yetu nayo ilikuwa imeshuka, na viwili hivyo sikuwa nimevipigia hesabu vikija pamoja. Nikapiga hesabu mara tatu. Mara ya nne nikatumia kikokotoo cha bosi, labda changu kimeharibika. Vyote viwili vilikubaliana kwamba nimepungukiwa milioni nne.

Nikarudi kwenye maelekezo. Kwa bahati yanaruhusu ndugu akupe zawadi, mradi aandike barua na kuiapia, aseme fedha hizo ni zawadi na si mkopo, na kwamba hatarajii kurudishiwa. Nikashusha pumzi. Ndugu ninao.

Mama alinisikiliza huku akichambua mchele. "Kamwambie mama yako mdogo," akasema. "Mimi nina laki mbili na presha."

Mama mdogo ni mdogo wake mama kwa miaka miwili, na walikuja Dar pamoja kutoka Lindi wakiwa wasichana. Anauza vitenge Mtaa wa Kongo, kwenye kizimba ambacho ukinyoosha mikono unagusa pande zote. Nilimkuta akimkunjia mteja.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba baba. Umekonda. Huko Kanada watakupokea na hicho kishingo?"

Nilimweleza yote, kiwango kilivyopanda, siku zilizobaki, barua. Hakuacha kukunja.

"Ngapi?"

"Milioni nne."

"Ninazo. Nilikuwa naziweka kwa ajili ya shughuli yangu." Akamkabidhi mteja mfuko, akapokea hela, ndipo akanitazama. "Basi nitakutunza."

Kwa watu wetu kumtunza mtu ni jambo kubwa. Mwenye shughuli anakaa kwenye kiti, ndugu na mashoga wanamjia wakicheza, wanamchomeka noti kichwani, shingoni, mabegani, mpaka anafanana na mti uliochanua. Pembeni anakaa mtu na daftari, anaandika fulani katoa ngapi. Siku fulani naye akiwa na shughuli, unafungua daftari, unamwendea na chake, na adabu ni kuongeza kidogo. Daftari la mama mdogo lina jalada gumu na linakaa kwenye mkoba wake pamoja na dawa za kichwa. Aliwahi kupanda basi hadi Lindi kumtunza mwanamke mmoja elfu ishirini ambazo mwanamke huyo alimtunza yeye miaka tisa nyuma. Nauli ilizidi tunzo. Hakuiona hasara.

"Nitaita watu Jumamosi," akasema. "Ngoma moja tu, ndogo."

"Mama mdogo, zinatakiwa zitoke kwenye akaunti yako ziingie kwenye yangu. Zisipite mkononi."

"Nikupe kimyakimya, kama rushwa?"

"Ndivyo wanavyotaka."

"Hao watu hawana mashoga?"

Jumatatu tulikwenda benki Posta. Alikuja na dera jipya na mikono imepakwa hina, kwa sababu alisema hajawahi kumtunza mtu akiwa na nguo za dukani. Hela zikahama kutoka kwake kuja kwangu kwa dakika sita, bila hata kifijo kimoja, na karani akamuuliza kama anahitaji huduma nyingine. "Hii nayo umeita huduma?" mama mdogo akamjibu.

Ikabaki hati. Barabara ileile ya stesheneri yetu, ghorofa ya tatu, kuna wakili mzee, Mhindi wa hapahapa, aliyeirithi ofisi ile kutoka kwa baba yake pamoja na mafaili na kiti kinacholalamika. Ukutani ana picha ya mungu wake wa kike yenye shada la maua ya plastiki, na chini yake ubani unawaka muda wote, kwa hiyo viapo vyote vya mtaa ule vinanukia udi. Nilipanda ngazi na mama, mama mdogo, nakala tatu za hati, nakala mbili za akiba na kalamu nne za wino mweusi. Mama mdogo alikuwa na msahafu wake mwenyewe, umefungwa kwenye kitambaa. Hakuamini kwamba wakili atakuwa nao. Wakili alikuwa nao, kwenye droo, juu ya Biblia, lakini akamwacha atumie wa kwake.

Akasoma kwa sauti, taratibu, Kiswahili chake kikiwa kimenyooka kuliko changu. "'Naapa kwamba fedha hizi ni zawadi na si mkopo, na kwamba sitarajii kurudishiwa kwa namna yoyote, sasa wala baadaye.'" Akamtazama mama mdogo juu ya miwani. "Mama, umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ni kweli?"

Mama mdogo akafikiri. Niliona anavyofikiri na nikajua mambo yameharibika, kwa sababu mtu anayeenda kusema ndiyo huwa hafikiri.

"La kwanza kweli," akasema. "Ni zawadi, si mkopo. Mimi sikopeshi watoto."

"Na la pili?"

"La pili hapana. Atanirudishia siku ya shughuli yangu. Kwani hana adabu?"

Wakili akauweka muhuri wake mezani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Si useme ndiyo tu, we mwanamke," mama akamnong'oneza, mnong'ono uliosikika hadi ngazini.

"Nimeshika msahafu, dada."

"Uweke chini basi."

"Siwezi kugonga muhuri juu ya kiapo ambacho anayeapa anakikana mbele yangu," wakili akasema. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa ameona mengi zaidi ya hayo pale. "Nendeni mkanywe chai. Mkishajua mnachotaka kuapa mrudi. Nafunga saa kumi."

Hapa lazima niseme jambo la aibu. Mimi ninayeanza fomu upya kwa sababu ya nukta moja, ninayewakatalia wateja wanaotaka kupunguza umri, nilishuka ngazi zile nikimlaumu mama mdogo moyoni kwa kukataa kusema uongo. Nilitaka Kanada kiasi hicho. Na bado nilitaka hati iwe ya kweli. Nilitaka yeye abebe uongo na mimi nibaki na faili safi.

Chini kuna hoteli ya chai. Mama aliagiza chapati na kuanza kumsema mdogo wake kabla hazijafika. Mimi nikatoa laptopu nikaanza kurekebisha hati. Niliandika "sitarajii kurudishiwa isipokuwa kwa mujibu wa mila". Nikafuta. Nikaandika "sitarajii kurudishiwa kiasi kilekile", nikijivunia ujanja huo kwa dakika nzima, kisha nikakumbuka kwamba adabu ni kuongeza, kwa hiyo nilikuwa nimemwapisha kwamba anatarajia zaidi. Nikafuta. Nikafikiria kuambatanisha maelezo ya kurasa mbili kuhusu shughuli, pamoja na mchoro.

"Unataka kumpelekea mzungu daftari alisome?" mama akaniuliza.

Mama mdogo alikuwa hajagusa chapati yake. "Unajua kwa nini tunarudishiana?" akaniuliza. Hakuwa ananitania, na hilo lilinitisha, kwa kuwa huwa ananitania.

"Kwa adabu."

"Adabu ni jina tu. Mimi nikienda kwa mtu na noti yangu, halafu mwakani yeye akaja kwangu na yake, najua bado tupo. Mtu akiwa hajaja, ni mawili. Amekufa, au ametutupa." Akazungusha kikombe kwenye kisosi. "Sasa wewe unasafiri kwenda ambako hata kukupigia simu lazima nikokotoe kama umelala. Na unataka nishike msahafu niape kwamba sikungoji."

Nina jibu la kila kisanduku. Nikikwama naandika "haihusiki". Pale nilichukua birika nikamimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Mama akasogeza laptopu isilowe.

"Tuache," nikasema. "Nitakurudishia leo leo. Nitaomba tena mwaka mwingine, nikiwa nimetimiza mwenyewe." Nakiri kwamba nusu ya maneno yale ilikuwa kweli na nusu ilikuwa ya kuomba huruma, na sauti yangu ikapasuka mahali ambapo zilikutana.

"Usinililie hapa, watu wanakula," mama mdogo akasema. "Alisema anafunga saa ngapi?"

"Kumi."

"Sasa hivi?"

"Tisa na nusu."

Akaifunga chapati kwenye leso akaitia kwenye mkoba. Tukapanda tena.

Wakili alikuwa ameshaanza kufunga madirisha. Mama mdogo hakukaa. "Nina swali," akasema. "Nikiapa hapa, halafu siku yangu asinirudishie, siwezi kumshtaki?"

"Huwezi."

"Sikuwa na nia hiyo. Na kumsema je?"

"Kumsema?"

"Kwa ndugu. Msibani, harusini. Niseme, mnamwona yule, nilimtunza milioni nne zangu za shughuli, siku yangu hakuonekana wala hakutuma salamu."

Wakili alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. "Mama, kumsema hakumo kwenye hati."

"Hakukatazwi?"

"Sheria haijawahi kuweza."

"Na yeye mwenyewe akinitunza, kwa mapenzi yake, bila mimi kumtazamia?"

"Hiyo itakuwa zawadi yake kwako. Na akitaka aje hapa naye aape, bei ni ileile."

Mama mdogo akanigeukia. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kama anayekagua kitenge kama kitachuja. Nadhani ndipo alipoamua, na nadhani aliamua kweli, siyo kwa ujanja wa maneno. Ninajua kwa sababu uso wake ulizeeka kidogo.

"Haya," akasema. "Nitamsema, lakini sitarajii."

Akafungua kitambaa, akaweka mkono juu ya msahafu. Wakili alimsomea kipande kwa kipande, naye akakirudia, na alipofika kwenye "sasa wala baadaye" alisimama kidogo, akamalizia. Muhuri ukagongwa mara tatu. Wa tatu ulikaa upande. Niliuona, wakili aliona nimeuona, mama akanikanyaga mguu. Nikasema asante.

Tulikuwa tumeshuka hadi ghorofa ya pili mama mdogo aliposimama ghafla.

"Nimetoa milioni nne," akasema, "na hakuna hata mtu mmoja aliyeona."

"Wakili ameona," nikamwambia.

"Yule nimemlipa."

Akashika nguzo ya ngazi, akainua kichwa, akapiga kigelegele. Sijawahi kusikia kigelegele ndani ya ngazi za zege. Kilipanda hadi juu, kikagonga, kikarudi kikiwa kimezaa vingine. Milango ikafunguka. Ghorofa ya kwanza wakatoka mafundi cherehani na tepu shingoni, juu akachungulia mzee aliyevaa vesti, na sauti ya mtu ambaye sikumwona ikauliza, "Nani anaolewa?"

"Haolewi mtu," mama mdogo akajibu. "Mwanangu anahama. Nimemtunza."

"Kiasi gani?"

"Muulizeni yeye, ana karatasi."

Mama, ambaye tangu tunywe chai alikuwa ameapa kutozungumza na mdogo wake mpaka Idi, alijifunga mtandio kiunoni akaanza kucheza na mkoba begani. Mafundi wakaitikia kwa kupiga makofi. Mimi nilisimama katikati yao nimeikumbatia faili kifuani ili hati isikunjwe. Ngazi zile ni nyembamba, na watu wenye safari zao walikuwa wakipenya kando yetu. Mama mmoja wa makamo, amevaa baibui, alikuwa akishuka na bahasha ya kaki kwapani. Alipofika kwangu akatua, akachezesha mabega mara mbili kwa adabu, akanichomeka noti ya elfu tano kwenye kola ya shati. "Mungu akufikishe salama," akasema, akaendelea kushuka.

"Nani yule?" mama mdogo akauliza. Daftari lilikuwa limeshatoka kwenye mkoba. "Kalamu."

Kalamu ninazo siku zote. Jina ndilo hatukuwa nalo. Mafundi hawakumjua. Mzee wa vesti alisema huenda ni wa daktari wa meno, ghorofa ya nne, au labda siye. Nilikimbia hadi chini. Nje kulikuwa na mikokoteni, maboksi, wauza mito na mabaibui yasiyohesabika, na yote yalikuwa yanakwenda upande mmoja. Nilirudi juu nikihema.

"Sijampata."

Mama mdogo aliitazama noti, akalitazama daftari, kalamu bado iko hewani. "Sasa hii utamrudishia nani?" akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana hajui la kufanya.

Mimi nilikuwa na hofu yangu nyingine. Nilikuwa nimepokea fedha ambazo chanzo chake hakina nyaraka. Mama aliniambia ninunue chipsi na niache upuuzi. Sikuweza. Niliitia noti ile kwenye bahasha ya plastiki, nikaifungia kwenye faili nyuma ya taarifa ya benki, na nikaandika maelezo ya nusu ukurasa: ilipokewa ngazini, kutoka kwa mama mmoja, jina halikupatikana.

Nyaraka niliziwasilisha zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Jibu lilikuja baada ya miezi, nikalisoma mara tatu, kisha nikampigia mama mdogo, naye akasema vizuri, kwamba yuko na mteja.

Uwanja wa ndege wa kule, afisa wa uhamiaji alikuwa mwanamke wa umri wa mama, na mafua. Aliniuliza nimekuja na fedha kiasi gani. Nilimtajia hadi senti, nikampa faili. Alipitia barua ya benki, akafika kwenye hati, akauliza huyu aliyetoa zawadi ni nani kwangu. Nikasema ni mdogo wake mama. Akauliza kama ni kweli hanidai. Nikasema hanidai, na masikio yakaniwaka, kwa sababu hanidai kweli, na tangu siku ile kila nikimpigia simu anauliza hali yangu na kuniaga haraka, kama mtu asiyetaka nimdhanie kwamba ananingoja.

Kisha akafunua ukurasa na kukutana na noti ya elfu tano ndani ya plastiki.

"Na hii?"

Nikamweleza, kwa Kiingereza nilichojifundisha mwenyewe, ngazi, kigelegele, bahasha ya kaki, daktari wa meno. Nyuma yangu foleni ilianza kuguna. Alinisikiliza hadi mwisho, akapenga kamasi, akauliza swali lile ambalo nadhani wanalazimika kuliuliza.

"Naye huyu, anatarajia kurudishiwa?"

Nikasema hapana, huyu hatarajii, na nikashangaa kwamba sauti haikutetemeka. Akanirudishia faili na kuniambia nipite, watu wanangoja.